Jiko Kwanza, Mikono Baadaye: Mapambo Madogo ya Bustani kwa Udongo wa Kuoka

Hotuba kwa kina mama wasusi na vijana wauza miche, Bombo

Mheshimiwa mwenyekiti wa LC1, baraza letu la kijiji, mashehe wetu, mama zangu, dada zangu, na nyinyi vijana mnaopanga miche kando ya barabara ya Gulu, assalaam aleikum. Habari za asubuhi kwa wote.

Mezani hapa mbele mnaona ng'ombe wa Ankole asiyezidi urefu wa kidole, kibanda cha mabati, mkungu wa matoke, jerikani ya njano, na bodaboda imeegeshwa bila mwenyewe. Vyote hivi ni vya kuweka ndani ya chungu cha maua, kati ya mimea mifupi, mpaka chungu kionekane kiwanja cha mtu. Mwenyekiti aliponikaribisha alisema nimekuja kuwafundisha kufinyanga. Kwa heshima zote, mzee wangu, mikono inayosuka vikapu vya Bombo haina haja ya kufundishwa nami namna ya kubana na kuviringisha. Nimekuja na neno moja tu: katika kazi hii mwamuzi ni moto. Wengi wanaoanza wanaiacha kwa sababu vitu vyao vimevunjika, vimeungua au vimekuwa na rangi ya chai, na karibu kila mara mikono haikuwa na kosa lolote, tatizo lilikuwa jikoni. Kwa hiyo mwenye pesa kidogo anunue kwanza kipimajoto cha oveni. Udongo unaweza kungoja.

Nianze na huo udongo wenyewe, kwa sababu jina lake linawachanganya watu.

Hapa Uganda tukitaja udongo, mtu anawaza bondeni, anawaza matofali na vigae vya Kajjansi, anawaza mitungi. Udongo ule una maji ya aina mbili. Kuna maji yanayokauka ukiuanika, na kuna mengine yaliyofungwa ndani ya chembe zenyewe, ambayo hayatoki mpaka joto lifike nyuzi 500 na zaidi. Hayo ya pili yakishatoka, udongo hauwezi kurudi kuwa tope tena. Oveni nyingi za nyumbani zinakomea nyuzi 250. Basi mtu akifinyanga ng'ombe kwa udongo wa bondeni, akamwoka jikoni mchana kutwa, atapata ng'ombe mkavu, mzuri wa kutazama, na mvua ya kwanza ya Aprili itamrudisha alikotoka. Udongo wa bondeni unataka tanuri. Ukipata tanuri, hauna mshindani: mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakichimba kwenye kilima cha Luzira walikuta kichwa cha udongo uliochomwa, kimekaa ardhini karne na karne, uso bado unaonekana. Leo kiko London, kwenye Jumba la Makumbusho la Uingereza. Kwa nini kiko huko na hakiko hapa ni hotuba nyingine, na si mimi wa kuitoa.

Udongo wa kuoka tunaouzungumzia leo hauna undugu na ule. Ni plastiki. Ni PVC, jamii moja na mabomba ya maji na maganda ya nyaya za umeme, iliyosagwa ikawa unga laini sana, ikachanganywa na kilainishi cha mafuta, rangi, na unga wa madini wa kuujaza. Chembe za PVC zimekaa ndani ya yale mafuta zikisubiri. Zikipata joto zinayanywa, zinavimba na kushikana, kama mchele unavyokunywa supu ya pilau, na kitu kikipoa kimekuwa kipande kimoja kisichoingia maji. Ndiyo maana oveni ya kawaida inautosha. Na ndiyo maana ile methali yetu, udongo uwahi ungali maji, haiugusi huu: hauna maji, haukauki. Unaweza kuanza mkungu Jumatatu, mtoto akaugua, ukaumalizia Ijumaa, ukiwa laini vilevile mradi umeufunika vumbi lisiingie. Adui yake ni joto kabla ya wakati. Ukiusahau ndani ya gari juani, au chini ya bati mchana wa Januari, unaanza kuiva kidogo kidogo ndani ya pakiti, na ukija kuukanda unakuta unavunjika makombo.

Kwa historia sitawachosha. Ulianzia kwa watu waliokuwa wakitafuta kitu kingine. Ujerumani, Käthe Kruse, mama aliyekuwa akitengeneza wanasesere, alikuwa anatafuta kitu cha kutengenezea vichwa vyao. Alicholetewa hakikumfaa, akakichukua binti yake Sophie, waliyemwita Fifi, akakigeuza kuwa udongo wa kuchezea, na huo ndio uliozaa Fimo. Marekani nako walikuwa na kitu walichotarajia kiondoe joto kwenye transfoma za umeme. Kwa transfoma hakikufaa, kwa mikono ya mafundi kikafaa, wakakiita Sculpey. Majina haya mawili ndiyo mtakayokutana nayo zaidi mkiagiza.

Sasa jiko.

Kila pakiti imeandikwa joto lake na muda wake, na hayafanani. Fimo inataka nyuzi 110 kwa nusu saa. Sculpey na ndugu yake Premo zinataka nyuzi 130, na muda unahesabiwa kwa unene: kila milimita 6 za unene zina dakika zake, 15 kwa aina moja, 30 kwa nyingine. Kato, aina nyingine tena, inataka 150. Ukichanganya aina mbili kwenye ng'ombe mmoja umejitafutia maneno, kwa sababu ukimridhisha huyu unamuudhi yule. Kaeni na aina moja mpaka muijue.

Kisha lipo jambo ambalo ningependa muondoke nalo hata mkisahau mengine yote. Muda hauunguzi, joto ndilo linalounguza. Mtu anaogopa, anaona dakika zimekuwa nyingi, anakitoa kitu mapema. Udongo uliokaa saa nzima kwenye nyuzi 110 hauna ubaya, unazidi kukomaa. Udongo uliotolewa kabla unaonekana umeiva nje, unauuza, na baada ya wiki mteja anarudi na mguu wa ng'ombe mkononi. Zaidi ya hapo, kikitoka oveni kikiwa bado moto kinalegea ukikigusa, na hapo ndipo wengi wanapopandisha joto wakidhani hakijaiva. Kiache kipoe. Ugumu wake unakuja kikishapoa, na ukitaka kujua kama kimeiva kweli, kila unapooka weka kando kipande chembamba kama ukucha, kikipoa ukikunje. Kilichoiva kinapinda na kurudi. Kisichoiva kinakatika.

Joto kupita kiasi ni habari nyingine. Likifika nyuzi 175 na kwenda juu, PVC inaanza kuvunjika na kutoa gesi ya haidrojeni kloridi. Utaijua: inachoma macho, inakaba koo. Ukiinusa, zima oveni, fungua madirisha, toa watoto nje, na wewe mwenyewe toka. Usibaki hapo kuokoa kibanda.

Mtauliza, mtu atafikaje 175 wakati ameweka 110? Anafika kwa sababu kitufe cha oveni kinasema kinavyotaka. Zile oveni ndogo za mezani, ambazo wengi wetu ndizo tunazoweza kununua, zinapanda na kushuka. Unaweka 120, waya zinawaka nyekundu, ndani panakuwa 150, zinazima, panashuka mpaka 100, zinawaka tena. Weka kipimajoto ndani, kwenye kimo kilekile cha kazi yako, ukitazame kupitia kioo kwa nusu saa bila kuoka chochote, uandike karatasini kinachotokea. Kufikia mwisho wa hiyo nusu saa unaifahamu oveni yako kuliko aliyeiunda. Iache ipate moto kwanza ndipo uingize kazi. Na kwa kuwa zile waya ziko karibu mno na kichwa cha ng'ombe, mjengee hema la karatasi ya foili, lisimguse, limkinge tu. Rangi nyeupe na pembe nyembamba ndizo za kwanza kugeuka kahawia.

Najua kuna mama hapa anayeoka keki juu ya sigiri, sufuria ndani ya sufuria, mchanga chini, makaa juu ya mfuniko, na keki inatoka inachekelea. Mama, nakuvulia kofia. Kwa udongo huu usifanye. Makaa hayakai kwenye nyuzi 110 kwa nusu saa, na keki ikiungua inanuka tu, huu ukiungua unatoa ile gesi. Na kuna walioona mahali watu wakiuchemsha kwenye maji. Maji ya Kampala yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa sababu tuko juu, mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Kabale, iliyo juu zaidi, yanachemka kwenye joto dogo kuliko hilo. Maji yachemke mpaka kesho, hayatafika 110. Utapata kitu kigumu kwa nje na dhaifu kwa ndani.

Umeme ukikatika katikati msilie. Acheni kazi ndani bila kuifungulia, umeme ukirudi anzeni kuhesabu muda upya. Udongo huu unakubali kuokwa mara mbili, mara tatu, na kwa kweli vitu vikubwa tunavioka kwa makusudi kwa awamu.

Oveni ya kazi hii isipike chakula. Hapo ndipo ninapowaona nyinyi mna bahati kuliko fundi aliyekaa peke yake mjini. Mna vikundi vya akiba tayari. Watu watano au sita wakinunua oveni moja ndogo na kipimajoto kimoja, ikakaa kwa mmoja wao mwenye chumba chenye dirisha, kila mtu akafinyanga kwake na kuja kuoka siku ya Alhamisi, mmemaliza. Kitu kibichi kinasafiri vizuri ndani ya boksi ukikiweka juu ya karatasi. Kila mmoja kununua oveni yake ni kutupa pesa.

Tuje kwenye kufinyanga, na hapa nitakwenda haraka kwenye mengi na polepole kwenye moja.

Kwanza kipimo. Chungu chenye ng'ombe mkubwa kuliko nyumba kinachekesha pasipotakiwa kicheko. Mimi nagawanya kila kitu kwa 24. Mama wa mita 1.6 anakuwa sentimita 6 na nusu hivi. Mlango wa mita 2 unakuwa sentimita 8. Jerikani ya lita 20 haifiki sentimita 2. Walio na vyungu vikubwa wanaweza kugawanya kwa 12, ambacho ndicho kipimo cha nyumba za wanasesere huko Ulaya, lakini kwa vyungu vinavyouzwa barabarani 24 inatosha.

Sasa mkungu wa matoke, polepole. Chukua kijani, ongeza njano kidogo, na kahawia punje moja tu, kwa sababu kijani cha kwenye pakiti hakipatikani shambani. Kanda mpaka rangi iwe moja na udongo uwe mlegevu. Viringisha kamba nyembamba ya milimita 3 juu ya kigae, kigae kile cha ukutani, hicho hicho utakiingiza oveni na kazi juu yake bila kuigusa tena. Kata kwa wembe vipande vya milimita 7 au 8. Kila kipande kibane ncha zote mbili, kisha ukipinde kidogo kwa kidole. Sasa chukua waya wa shaba, ule unaobaki mafundi umeme wakimaliza nyumba, uvue ganda, uupake gundi nyeupe ya mbao na uiache ikauke, kwa sababu udongo haushiki kwenye waya mtupu, unazunguka. Viringisha udongo wa kijani juu ya waya uwe bua. Anza kupachika vidole kwa safu, chana baada ya chana.

Na hapa ndipo ninapowakamata watu wa mjini. Wanapachika vidole vinatazama chini, kwa sababu mkungu unaning'inia chini. Mkulima yeyote wa hapa anajua mkungu unaning'inia, lakini vidole vyenyewe vinapinda kwenda juu, kutafuta jua. Ukikosea hilo, mteja wa Kampala hatajua kwa nini mkungu wako unamsumbua macho, ila utamsumbua. Chini ya mkungu kuna lile ua jekundu la zambarau. Unaweza kuliweka, linapendeza. Ila tangu mnyauko wa bakteria ulipoonekana kwenye migomba yetu mwaka 2001, wakulima wanafundishwa kulikata mapema kwa kijiti chenye panda, kwa sababu wadudu wanaotembelea maua ndio wanaobeba ugonjwa. Basi mkungu wenye bua tupu chini ni mkungu wa shamba linalotunzwa. Mimi nauza wa aina hizo mbili, na wanaouliza sababu ni wakulima.

Ng'ombe, kwa kifupi. Usimjaze udongo mtupu, atakula pakiti nzima na atachelewa kuiva ndani. Finyanga foili iwe tumbo, ikaze mpaka isibonyee, kisha uivike udongo wa milimita 3 hivi. Miguu iwe na waya ndani, na waya uzidi chini ya kwato kwa sentimita 5, ili umchomeke kwenye udongo wa chungu na mvua isimwangushe. Mwoke mwili kwanza. Pembe zipachike baadaye juu ya waya wake, zifungue pana, mwoke tena. Ng'ombe wa Ankole bila pembe zinazozidi upana wa mwili wake ni ng'ombe wa mtu mwingine. Kama una rangi nyingi siku hiyo, anza na nyeupe umalizie na nyeusi, na katikati futa mikono kwa kitambaa kibichi, maana nyeupe inakusanya kila uchafu uliopita mezani.

Mabati ni rahisi mpaka naona haya kueleza: panga njiti za ufagio sambamba, weka juu yake karatasi ya udongo wa kijivu, bonyeza. Ikishaiva na kupoa, paka rangi ya kahawia iliyoongezwa maji, uifute papo hapo kwa kitambaa. Inabaki kwenye mifereji, bati linakuwa na kutu ya miaka kumi.

Kwa vikapu sina la kuwaambia. Naonyesha tu kwamba kamba mbili nyembamba za rangi mbili, zikisokotwa pamoja kisha zikazungushwa kutoka katikati kwenda nje, zinatoa mfano wa kile mnachokijua nyinyi. Rangi zipi zikae pamoja, na nakshi ya nani iwe ya nani, hayo mnayo. Na nitasema wazi kwamba hili ndilo ninalolitamani zaidi kuona likitoka Bombo. Mkifungua picha za bustani ndogo za Ulaya mtakuta uyoga mwekundu wenye madoa meupe na kibete mwenye kofia ndefu, chungu baada ya chungu. Ni vyao, wanavipenda, sina ugomvi navyo. Lakini mteja anayesimamisha gari barabara ya Gulu ana bibi yake kijijini, ana kumbukumbu ya jerikani na ya kigoda chini ya mwembe. Akiona kiwanja hicho ndani ya chungu, hataki kuambiwa ni nini.

Nje kuna jua. Maji hayausumbui udongo huu ukishaiva, hata mvua za Machi mpaka Mei zipige zinavyopiga. Jua ndilo linalokula rangi, na sisi tuko kwenye mstari wa ikweta, jua letu halina likizo. Rangi ya waridi na zile kali zinazowaka ndizo zinazofifia mapema. Kahawia, nyeusi, nyeupe na rangi za udongo wetu mwekundu zinavumilia. Mwambieni mnunuzi aweke chungu barazani au chini ya mti. Mkipaka rangi juu, iwe akriliki, ile inayokubali maji, na mkifunika kwa vanishi iwe vanishi ya maji. Rangi ya kucha msiisogeze karibu, hata kama dada yako ana chupa ishirini: ile dawa ndani yake inayeyusha plastiki, na juma moja baadaye ng'ombe wako ananata. Rangi nyingi za kupuliza za kwenye kopo zina tabia hiyo hiyo. Waya wa kufungia nondo nao ni rahisi kupatikana, lakini ukikaa kwenye udongo wenye unyevu unashika kutu na kuichora miguu yote. Shaba ni bora.

Kuna mchanganyiko mmoja ninaoupenda, na unawafaa wafinyanzi wa kweli walio kati yetu. Chungu kidogo kilichochomwa tanurini kinaingia oveni bila shida, mradi kimekauka kabisa. Kipake ukingo wake gundi nyeupe, ikauke, ubandike juu yake majani, au mjusi anayepanda, uoke vyote pamoja. Hapo mfinyanzi anapata soko, na wewe unapata kitu ambacho pakiti peke yake haikupi.

Kuhusu bei nitasema kidogo. Pakiti ya kawaida ina gramu 57. Mkungu ukila gramu 3, kwa hesabu unapata mikungu 19, kwa kweli unapata 16, mingine imeungua na mingine ameshika mtoto. Gawanya bei ya pakiti kwa 16, ongeza waya, umeme na vanishi, ndipo uhesabu saa zako. Saa ndizo ghali, na ndizo kina mama wanazosahau kuziandika, kama wanavyosahau kwenye vikapu.

Na kwa kuwa ni plastiki, tuitendee kama plastiki. Udongo mbichi unakula vanishi ya meza na unayeyusha baadhi ya sahani za plastiki, kwa hiyo kazi ifanyike juu ya kigae au kioo. Mikono ioshwe kabla ya kula. Kuku wadonoe mbali, kwa sababu kuku akiona mkungu wa sentimita 3 hatasoma maandishi, na wenye ndugu Entebbe karibu na tumbili mtaniambia wenyewe. Vilivyovunjika visitupwe kwenye shimo la takataka tunalochoma jioni. Moto wa takataka unazidi nyuzi 175 mara nyingi, na wanaovuta ule moshi ni watoto wetu na jirani aliye upande wa upepo. Kusanyeni kwenye kopo. Makombo yaliyoiva mnaweza kuyasaga yakawa kokoto za njia ndani ya chungu kingine.

Nimemaliza maneno, sasa kazi. Oveni iliyoko dirishani nimeiwasha nilipoanza kuzungumza, na kipimajoto sasa hivi kinasema 118, wakati kitufe kiko kwenye 110, kama mnavyoona wenyewe mkikaribia. Vigae viko mlangoni, kila mtu achukue kimoja na kipande cha kijani. Wenye kucha ndefu mtanivumilia. Mama wa kitenge cha bluu, uliyenyanyua mkono nilipotaja gundi: supaglu inashika kitu kilichokwisha kuiva, lakini ukikirudisha oveni joto linaiachisha, kwa hiyo iwe ya mwisho kabisa. Tuanze na vidole vya matoke.